Mvua Tatu

Bi Mize Khatib alikuja dukani saa nne,
simu kaifunga kwenye leso kwa mafundo mawili,
akaiweka juu ya mashine ya fotokopi
kama anayeweka kidonda mbele ya daktari.

"Afisi ya pencheni wamenipigia.
Wanasema barua yangu wameituma mara mbili
na mara mbili imewarudia.
Niambie, Chumu, mimi nimehama?"

Hukuhama, Bi Mize. Umejaa.
Nikamwonesha ule mstari mwekundu:
gigi kumi na tano kwa kumi na tano,
hapana pa kupenyeza hata salamu.

Miaka sita nipo hapa Chake nachapa mambo ya watu,
wasia, maombi ya kazi, kadi za harusi;
uzito wa karatasi naujua kwa kidole.
Wa vitu visivyoshikika sijaujua bado.

Tukaanza na walio wengi.
Duka la viatu la mtandaoni: barua mia nne na kumi na mbili.
"Nani kawapa jina langu?"
Wewe mwenyewe, ulipobonyeza ndiyo.
"Nilidhani ndiyo ni adabu."
Futa.
Benki inayokukumbusha usimpe mtu namba ya siri:
futa, futa, futa.
Fomu ya uhakiki, ile ile, nakala saba:
futa sita,
na ya saba akanishika mkono. "Ngoja.
Serikali ikiuliza, hujui."

Mstari ukasogea unywele mmoja.

"Kumbe ni kuchambua," akasema,
akavuta kigoda,
na vidole vilivyopokea watoto wa Wawi miaka thelathini
vikaanza kwenda peke yao juu ya kioo,
karafuu huku, makonyo huku.

Nikamfundisha kupanga kwa ukubwa, nzito mbele.
Hapo akatokea Shaame.

Shaame na gari la watu, kaliegemea kama lake.
Shaame na wenzake wanane na sahani moja ya wali.
Shaame, dakika tatu, anatutembeza chumbani kwake Mabela:
kitanda, jiko, kitanda tena,
maana chumba kilikuwa kimekwisha.
Tufute?
Akatazama nje, kwenye duka la nondo, muda mrefu.
"Ngoja."
Sikuuliza tena juu ya Shaame.

Lakini zilizozidi zote hazikuwa za Shaame.
Zilikuwa zake mwenyewe, kwenye zilizotumwa:
video tatu, giza tupu, masika ya mwaka juzi.
Nikabonyeza. Duka likajaa mvua,
mvua ya juu ya bati,
ile ya kumwombea mtu chumvi kwa kupiga kelele.

"Alisema kule hainyeshi. Alisema usingizi haumji.
Nikaiweka simu juu ya kabati, nikamrikodia.
Nikatuma. Kimya. Nikasema haikufika,
nikatuma tena. Kimya.
Hata ya tatu."

Hakujibu?

"Alijibu asubuhi.
Alikuwa amelala."

Nikamweleza kwamba zote tatu ni mvua moja,
na kwamba mwenyewe huko anayo.
Mbili akazifuta kwa mkono wake.
Mstari haukusogea.

Kilichofutwa bado kimo, Bi Mize.
Kinakaa pipani siku thelathini, kinakula nafasi.
"Basi na makonyo hupimwa," akasema.
"Tena yana bei yake. Haya, mwaga."
Nikamwaga.

Tukawapigia afisi: tumeni sasa.
Saa sita kasorobo simu ikalia.
Mistari miwili na muhuri:
tafadhali wasilisha tena fomu ya uhakiki.

Hakucheka. Aliniangalia tu,
nami nikaichapa ile ya saba, shilingi mia tano,
nikiwa nimeinamisha uso.

Kabla hajafunga leso
akaniomba nimfungulie mvua iliyobaki.
Tukakaa nayo, jua la utosi limesimama mlangoni,
na kijana mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli
akashuka,
akainua kichwa,
akaitazama mbingu.